Maneno Kamili ya Dada Yetu, Mpima Hewa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea historia ya marehemu dada yetu, na kabla sijaanza naomba redio zilizo mifukoni zizimwe, kwa sababu tangu Jumanne redio imekuwa ikiisimulia historia hii kwa niaba yetu bila kutumwa na mtu, ikisema kwamba dada yetu kabla ya kukata roho alikiri kuwa kazi yake yote ya miaka thelathini na sita ilikuwa makosa. Habari hiyo tutaifikia mahali pake, kwenye ugonjwa na mauti, hatutairuka, ila tutaanza alikoanzia yeye, kwa utaratibu, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa utaratibu na angeninyang'anya karatasi hii kama ningeanzia mwisho.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1961, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu baba yetu, aliyekuwa dereva wa greda katika idara ya barabara, na mama yetu, muuza mkaa, ambaye mnamwona hapa mbele amejifunika khanga nyeusi. Nyumbani tulimwita Rudia, kwa sababu kila alipotumwa sukari alimwambia mwenye duka arudie kupima, si kwa kumshuku, bali alitaka kuona kama mizani itasema neno lile lile mara ya pili, na ikisema jingine alifurahi kana kwamba ameokota kitu. Mwenye duka alifika mahali akimwona kwa mbali anafunga mlango, na sisi wengine tukawa tunatumwa duka la mbali kwa makosa yasiyo yetu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, ile iliyokuwa nyuma ya karakana ya magreda, akamaliza mwaka 1974, na katika miaka hiyo lipo tukio moja ambalo familia imeona lisomwe. Alipokuwa darasa la sita alikuwa wa kwanza katika mtihani wa mwisho wa mwaka, baba akamnunulia viatu, na siku ya pili yake akagundua kwamba mwalimu wa hesabu alijumlisha vibaya akamzidishia alama, akavaa viatu vile vile vipya akarudi shuleni kumwambia, akashushwa hadi nafasi ya tatu. Mama alimuuliza, "Wewe mtoto una akili timamu kweli? Mtu kapewa, anarudisha?" naye akajibu, "Si zangu, mama," na baba akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka hata kidogo, na mpaka leo ukimkumbusha anasema zile alama zilikuwa za mtoto wake, mwalimu alitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Aliendelea na sekondari mwaka 1975 hadi 1978, na masomo ya juu ya sekondari mwaka 1979 na 1980, akaingia chuo kikuu mwaka 1981 kusomea kemia, akahitimu mwaka 1984, na baadaye, kuanzia 1987 hadi 1989, alipelekwa masomoni katika nchi ya baridi kali alikojifunza kupima hewa, akarudi na shahada ya uzamili, kikohozi cha miezi miwili na koti ambalo hapa hakuna aliyewahi kupata baridi ya kulivaa. Ada ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya mkaa, na jambo hili nalisoma kwa sauti makusudi, kwa kuwa lilikuja kutumiwa kumtukana.

Aliajiriwa katika maabara ya hewa tarehe 1 Julai 1985, chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha yasiyofunguka, jambo alilokuwa akiwaambia wageni kwamba ndilo tatizo la kwanza la serikali katika suala zima la hewa. Kazi yake, kwa ambao hawakuielewa na hawakuona haya kuitolea maoni, ilikuwa hivi: kila wiki alipanda kilima kile chenye mnara wa simu, akiwa na sanduku la chupa nene za kioo, akasimama akitazama upepo unakotoka, akavuta pumzi ndefu, akaibana, akafungua chupa akaiinua mbele yake ijae, akaifunga, kisha ndipo akarudi nyuma kupumua. Aliibana pumzi kwa sababu pumzi ya binadamu ina gesi ile ile aliyokuwa akiipima, ile isiyo na rangi wala harufu, inayozuia joto lisitoke duniani, na hakutaka pumzi yake mwenyewe ihesabiwe kuwa ni ya ulimwengu. Fikirini mtu wa namna hiyo, anayejitoa hata pumzi ili asiongeze chumvi kwenye jibu, halafu kijana ambaye hajawahi kuosha hata glasi anakaa mbele ya kipaza sauti na kumwita mzushi.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1990 na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha saruji, baada ya uchumba uliochukua miaka minne kwa sababu bibi harusi alikuwa anarudia kupima. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa mwaka 1996, fundi wa majokofu, pamoja na mjukuu mmoja ambaye aliishi na bibi yake na aliyekuwa akifundishwa kubana pumzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, cha tatu kikiwa cha chupa, na mgeni akija kulala aliwekewa godoro sebuleni, maana chupa hazikuhamishwa kwa ajili ya mtu yeyote, hata mama mkwe.

Mwaka 2009 marehemu alitoa taarifa yake juu ya kiwanda cha saruji, na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, na jiwe hilo likichomwa hutoa gesi lenyewe, mbali na ile inayotoka kwenye makaa yanayoliunguza, na kiwanda katika hesabu zake kilitaja makaa, jiwe kikalinyamazia. Dada yetu alipanda kwenye bomba la moshi, mwanamke wa miaka arobaini na minane amefungwa kamba kiunoni, akapima, akaandika kwamba kiwanda kinatoa gesi zaidi ya mara mbili ya kile kinachosema, na akaeleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa kwamba moshi tunaouona ni vumbi, wa kusafishwa na kufutwa, lakini kinachoipasha dunia joto hakionekani, na ndiyo maana watu wanapata ujasiri wa kukikana.

Miaka miwili baadaye, akirudia kazi yake kama kawaida, aligundua kosa, na kosa lilikuwa lake. Mashine ya kupimia huwekwa sawa kwa mtungi wa gesi ambayo kiwango chake kinajulikana, na mtungi ule ulikuwa umebadilika kidogo kwa kukaa, kwa hiyo vipimo vyake vyote vya bombani vilizidi kidogo. Hakuna mwingine aliyejua, mkuu wa maabara alimshauri arekebishe kimya kimya kwenye taarifa itakayofuata, na shemeji alimwambia, "Mke wangu, hawa watu wanakusubiri uteleze," naye akajibu kwamba kazi yao ndivyo ilivyo, anayekosea anasema hadharani kama alivyosema hadharani mwanzo, vinginevyo hiyo si sayansi ni porojo. Tarehe 22 Oktoba 2011, katika ukumbi uliojaa, alisimama akasema, "Nimekosea. Tarakimu niliyotoa ilizidi kidogo, sahihi ni hii hapa, na hata kwa hii sahihi, kiwanda kinatoa zaidi ya mara mbili ya kinachosema."

Mwendesha kipindi cha redio kiitwacho Pande Mbili, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Bwana Mizani, alikuwepo na kinasa sauti chake, akachukua neno la kwanza, yaliyobaki akayatupa. Kwa miaka kumi, ndugu zangu, kipindi kile kilifunguliwa kwa sauti ya dada yangu ikisema "Nimekosea," kisha ngoma, kisha matangazo ya saruji. Watoto waliiimba njiani, makondakta waliitumia kurudisha chenji pungufu, binti yake aliitwa darasani Mtoto wa Nimekosea, na siku moja mtu mzima mwenye ndevu alimfuata sokoni akimwiga mpaka alipomaliza kuchagua nyanya. Mtu amesema ukweli mara mbili, mara ya kwanza juu ya wengine na mara ya pili juu ya nafsi yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyogeuzwa fimbo ya kumpigia. Walioficha jiwe zima hawakuambiwa hata siku moja waseme wamekosea.

Mwezi Februari 2012 shemeji yetu alimwaga unga, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuchomelea matanuri yao, kwa maelezo kwamba nafasi yake haihitajiki tena, ingawa wiki hiyo hiyo palitangazwa kutafutwa mchomeleaji. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi na kofia yake ya chuma mkononi, akamkuta mkewe anaosha chupa, akamwambia, "Haya, sasa nina muda wa kukubebea sanduku," na kuanzia siku hiyo alipanda naye kilimani kila wiki, naye akajifunza kubana pumzi, ingawa dada alilalamika mpaka mwisho kwamba anapumua mapema.

Kwa miaka yote hiyo kumi dada yetu aliitwa studio na aliitika. Tulimsihi asiende, akasema watu wakisikia hesabu mara nyingi watazielewa, na kila alipokwenda alimkuta mtu wa kumpinga amekaa kiti cha pili, leo msemaji wa kiwanda, kesho mchekeshaji, na safari moja, Mungu ni shahidi, kocha wa mpira aliyesema yeye ameishi miaka mingi na jua ni lile lile. Dakika kumi za mtu aliyepima, dakika kumi za kocha, halafu Bwana Mizani anashusha pumzi na kusema wasikilizaji, mmesikia pande zote mbili, amueni wenyewe. Kuamua nini? Joto linapigiwa kura? Ni katika kiti kile msemaji wa kiwanda alipomwambia kwamba mtoto wa muuza mkaa hana uso wa kuwafundisha watu moshi, naye akajibu kwa upole ambao mimi sina, "Mkaa ndio ulionisomesha, baba, na mama yangu hajawahi kusema hauna moshi."

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2021, na mwaka uliofuata aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, yaliyotokana na shinikizo la damu la miaka mingi. Najua wapo hapa wanaotaka tuseme ni moshi wa kiwanda uliomuua, hata jana mtu alinivuta kando akaniambia nilitie hilo, litauma zaidi. Hatutalitia. Madaktari walisema ni shinikizo la damu, kwa mama yetu lipo, kwangu lipo, na yeye mwenyewe alikataza mtu asiutumie mwili wake kusema jambo ambalo halijapimwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa karibu miaka mitatu, akalazwa kwa mara ya mwisho tarehe 24 Aprili 2025, wodi ya ghorofa ya chini, kitanda cha karibu na dirisha.

Alhamisi ya tarehe 1 Mei, saa za kuona wagonjwa, Bwana Mizani alifika na mfuko wa machungwa na simu iliyokuwa tayari inanasa. Kando ya kitanda alikuwepo shemeji, na alikuwepo muuguzi wa zamu anayebadilisha dripu, na wote wawili wapo hapa leo, ukitaka waulize. Alimwambia amekuja kumpa pole, na akamuuliza kama sasa, baada ya yote, kuna neno lolote angependa wasikilizaji walisikie, na dada yetu, ambaye siku hiyo alikuwa akisema maneno matatu anapumzika, alimjibu. Redio imewapa neno moja, mimi nawapa yote, kama shemeji na muuguzi walivyoyasikia, kila mmoja akayasema peke yake mbele ya familia na yakalingana.

Alisema, "Nilikosea. Nilikosea kukaa kwenye kiti chako miaka kumi. Uliniweka mimi na kocha wako meza moja, watu wakaona kupima na kubisha ni vitu vinavyolingana, na mimi nikakubali. Bila mimi kukupa upande wa kwanza, wewe usingekuwa na wa pili. Hilo ndilo kosa langu, litangaze, na usilikate."

Akalikata. Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa tano asubuhi, na saa nane mchana, mwili ukiwa bado haujatolewa wodini, sauti yake ikasikika redioni ikisema "Nilikosea," kisha ngoma.

Bwana Mizani, umekaa viti vya wageni, miwani myeusi usoni, na hatukufukuzi, msiba haufukuzi mtu. Lakini sauti ile unayo nzima ndani ya simu hiyo uliyoiweka gotini, na unajua kwamba unayo, na sasa kila aliyekaa hapa anajua kwamba unajua.

Limebaki jambo moja ambalo wengine wangependa limalizwe ndani ya nyumba, lakini lilianza mbele ya majirani, nalo litasemwa mbele ya majirani. Juzi kiwanda kilitoa maturubai, viti na basi la kubebea waombolezaji, na baba yetu mdogo, ambaye namheshimu na nampa shikamoo ya pili leo, alitujia kwenye kikao cha familia akasema wenzetu wametusitiri, hawaombi kikubwa, wanaomba tu kwamba katika historia ya marehemu iwemo sentensi moja, kwamba marehemu kabla ya mauti alikubali kuwa suala la hewa lina pande mbili. Akasema tuiingize kwa ajili ya amani, marehemu hasikii, walio hai wana vijana wanaotafuta kazi. Wapo walioanza kukubali kwa kutikisa kichwa, na binti wa marehemu akatoka nje akalia. Mama yetu, ambaye tulidhani amesinzia, ndiye aliyeuliza, "Kwani hilo turubai limekuja na sentensi?" Baba mdogo akamjibu mama, ndiyo, shemeji, lakini ni fupi tu. Mama akasema, "Basi tutakaa juani."

Ndiyo maana mnachomwa na jua, ndugu waombolezaji, na viti mlivyokalia havifanani kwa sababu kila kimoja kimetoka sebuleni kwa mtu. Sentensi ile haimo katika historia hii, na ikisomwa popote kesho, kwenye gazeti, redioni au kwenye mkutano wa wanahisa, mjue kwamba mama aliyemzaa aliikataa akiwa na miaka themanini na saba, kwenye joto hili hili ambalo wao wanasema halijathibitishwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na kwa namna ya pekee muuguzi wa zamu ile, ambaye ametakiwa na wakubwa wake asizungumze, lakini amekuja hapa kwa miguu yake. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji, miavuli na kwa watoto wenu ambao leo hawakuimba ule wimbo. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake watatu wa maabara waliokuja, na wale ambao hawakuja tunajua wanaogopa nini, hatuwalaumu wenye watoto shuleni, tunawaomba tu kesho wapande kilimani, kwa sababu wiki hii chupa hazijajazwa, na tangu arudi masomoni mwaka 1989 haijapita wiki.

Dada, hesabu zako zimesomwa zote, kosa lako limesomwa lote. Pumzika kwa amani, hasira tuachie sisi.